Ami hasemi, je, anatusikia?

SWALI: Ami yangu alianguka mkarafuuni mwaka jana, akaumia kichwa. Macho yako wazi, lakini hasemi, wala ukimshika mkono hakufinyi. Bibi humsomea Yasini sikioni kila Magharibi. Anasikia? (Msomaji, Wete)

JIBU: Pole sana, mwanangu. Mwaka 2006 mtaalamu wa ubongo Adrian Owen na wenzake, Uingereza, walimpima kwa mashine ya MRI, ipigayo picha za ndani ya mwili, mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa vivyo hivyo baada ya ajali ya gari. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo ikachangamka, sawa na ya mtu mzima wa afya! Yaani alisikia, akaelewa. Mashine haisomi mawazo. Hufuata damu yenye oksijeni inakokimbilia. Si kila mgonjwa yuko hivyo, ila ami anaweza kuwa mmojawapo. Bibi asiache. Nanyi, nakuombeni, msizungumzie mazishi mbele yake.