Muulize Fundi: Niweke i7 kwenye laptopu nyembamba, au nitaikaanga?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Mbezi, nakata video za harusi na kichenpati. Laptopu yangu ni zile nyembamba kama daftari, kilo moja na kidogo tu, prosesa i5-8250U, RAM 8. Nikiwa natoa video ya dakika arobaini mwanzoni inakimbia vizuri, baadaye inaanza kujivuta, feni inalia kama mashine ya kusaga na mapajani haikaliki. Kuna fundi Kariakoo kasema nimpe laki tatu na nusu atoe i5 aniwekee i7-8550U, eti itapaa. Mume wangu anasema bora nikusanye ninunue used nyingine ya i7. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja, na hiyo laki tatu na nusu irudishe kwenye pochi.

Tuanze na huyo fundi mwenzangu. Sitaki kumharibia biashara ila prosesa yako haichomolewi. Zamani kwenye laptopu nene, mfano ThinkPad T420 na T430 za 2011 na 2012, prosesa ilikuwa inakaa kwenye soketi, unalegeza skrubu, unanyanyua, unaweka nyingine, chai haijapoa umemaliza, nimebadilisha nyingi sana enzi hizo na hela ya kodi nilikuwa naipata humo humo. Yako ina herufi U mwishoni, na hizo zimechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi (ubao mkuu wa laptopu), chini yake kuna vidoti vya lehemu 1,356 na kila kimoja lazima kikae mahali pake. Kwa hiyo mtu akikwambia "nabadilisha prosesa" mara nyingi anamaanisha anabadilisha mazabodi nzima, anachukua iliyotoka kwenye laptopu iliyopasuka kioo anakufungia wewe. Muulize hivyo hivyo. Na muulize mazabodi yako inabaki kwa nani, maana hiyo nayo ni hela na wengi huwa wanasahau kuitaja.

Haya tuseme amefanya na imewaka. Umepata nini? i5-8250U ina kori 4 (kori ni kama wafanyakazi ndani ya prosesa) na thredi 8 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja), inaanzia gigahezi 1.6 na inaweza kuruka hadi 3.4. i7-8550U ina kori 4 hizo hizo, thredi 8 hizo hizo, inaanzia 1.8 inaruka hadi 4.0, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) MB 8 badala ya 6. Zote mbili zimeandikwa wati 15. Hizo wati 15 ndizo kampuni iliyotengeneza laptopu imezipigia hesabu wakati inachagua feni na bomba la shaba la kubebea joto, na kwa muda mfupi tu, mara nyingi sekunde 28 hivi, prosesa inaruhusiwa kula zaidi ya hapo. Ndo maana mwanzoni unaona inakimbia. Baadaye muda umeisha, chuma nacho kimeshapata moto, inashuka.

Fikiria chumba cha kupanga cha uani chenye kidirisha kimoja, halafu umewasha jiko la mkaa ndani. Mwanzoni raha, chai inachemka, baada ya muda joto limejaa na kidirisha ni kile kile, ukileta jiko kubwa zaidi utakachopata ni kutoka nje mapema zaidi. i7 kwenye laptopu yako nyembamba ndo jiko kubwa. Kufungua faili, kufungua programu, vitu vya sekunde mbili tatu utaona utofauti kidogo, hapo sibishi. Ila kutoa video ya dakika arobaini zote mbili zitaishia karibu spidi moja, maana anayeamua hapo ni kidirisha, yaani feni na bomba la shaba.

Halafu spidi za juu zinakula umeme vibaya. Prosesa ikitaka kukimbia zaidi inabidi iongezewe volti, na umeme unaoliwa unapanda kwa volti mara volti, kwa hiyo zile gigahezi za mwisho mwisho ni ghali kuliko zote. Ndo hizo unazotaka kulipia laki tatu na nusu.

Na kuna kitu watu wa huku kwetu tunakisahau. Wale wanaojaribu laptopu huko YouTube wengi wako kwenye vyumba vya digrii 20 au 22. Wewe uko Dar mwezi wa pili, nje 32, ndani chini ya bati sijui ngapi. Feni haizalishi baridi, inapuliza hewa iliyopo, chumba kikiongezeka digrii 10 na prosesa nayo inapanda karibu 10 hizo hizo. Kwa hiyo laptopu iliyosifiwa huko kwamba inabaki 80 ikifanya kazi nzito, kwako inafika 90 bila kosa la mtu. Ukiwa na chumba chenye AC hata kwa saa unazotoa video tu, umeshafanya apgredi kuliko hiyo ya fundi.

Sasa cha kufanya, na nianze na kisicho na gharama. Kwenye programu yako ya kukatia video, pale unapochagua namna ya kutoa, angalia kama imewekwa softwea, ibadilishe iwe hadiwea. Hiyo i5 yako ndani ina kipande maalumu cha kazi ya video, Intel wanakiita Quick Sync, kinafanya H.264 na HEVC (namna za kubana video) kwa umeme kidogo sana kuliko kori zikihangaika zenyewe. Nimeona watu wamemiliki laptopu miaka mitatu hawajawahi kukigusa. Ukilinganisha pikseli kwa pikseli unaweza kusema ubora unapungua kidogo, lakini bibi harusi anaangalia kwenye simu, hataona.

Pili, pakua HWiNFO, ni ya bure, iwashe wakati unatoa video uangalie vitu viwili, digrii za prosesa na gigahezi. Digrii zikiwa 90 na kitu na gigahezi zinashuka, hilo ni joto. Digrii zikiwa 65 halafu bado inajivuta, basi siyo joto, angalia RAM kama imejaa, RAM 8 kwa video inajaa haraka sana. Na kama digrii ziko chini, RAM ina nafasi, lakini gigahezi zimeganda chini kabisa hazipandi, angalia chaja. Siyo utani, ukichaji laptopu ya wati 65 kwa kichaja cha simu, laptopu nyingi zinajibana zenyewe, na mtu anakuja dukani analia prosesa imekufa.

Ikiwa ni joto, peleka ifunguliwe, feni ipulizwe vumbi na pesti ya prosesa (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bomba) ibadilishwe. Laptopu ya 2018 haijawahi kufunguliwa, pesti yake imeshakuwa kama udongo mkavu. Mwambie asipake nyingi, mimi nilipokuwa naanza nilikuwa napaka kama siagi kwenye mkate, na siagi hiyo inazuia joto badala ya kulipitisha, inatakiwa tabaka jembamba tu la kuziba vinafasi. Na akipuliza vumbi ashike mapanga ya feni yasizunguke, kuna mafundi wanafurahia ule mlio, wanaua beringi.

Kuna watu watakwambia upunguze volti kwa programu kama ThrottleStop. Ilikuwa dawa nzuri kweli, digrii kadhaa zinashuka bila kupoteza spidi. Bahati mbaya Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama unaoitwa Plundervolt, unaotumia mlango huo huo wa kubadilisha volti, na kampuni nyingi zikaufunga kupitia bayosi (programu ya ndani inayoiamsha mashine). Kama bayosi yako imeshasasishwa kuna uwezekano mkubwa haikubali. Usirudishe bayosi ya zamani kwa ajili hiyo.

Shemeji naye hajakosea sana, ila neno "i7" limemdanganya. i7-6600U na i7-7500U zina kori 2 tu, i5 yako ina 4, kwa hiyo akikununulia hiyo i7 ya jenereshoni ya 6 au ya 7 amekurudisha nyuma na risiti juu. Soma namba inayofuata baada ya ile deshi, siyo i ngapi; 8250U yako inaanza na 8, ndo jenereshoni ya 8. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia jenereshoni ya 8 ukiondoa chache mno, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hizo za 6 na 7 zinazomwagwa mjini kwa bei ya kutupa zina sababu ya kutupwa. Na stika ya i7 pale pembeni ya kibodi siyo ushahidi, stika zinauzwa, washa mashine usome jina la prosesa kwa macho yako.

Kama atanunua kweli, amwage hela kwenye RAM kabla ya prosesa. Hapa tofauti ya modeli ni kubwa: ThinkPad X1 Carbon ya 2018 ni tamu kubeba, kilo 1.13, lakini RAM yake imechomelewa, ukinunua ya 8 utakufa na 8. T480s ya mwaka huo huo ni nene kidogo tu, ila ina sloti moja ya RAM ya kuongezea. Na kama harusi ni nyingi kweli na laptopu inakaa mezani siku zote, wembamba unakusaidia nini dada yangu? Tafuta yenye prosesa ya herufi H mwishoni, nene, matundu makubwa, feni mbili.

SWALI: Niaje fundi, niko Mombasa, nasomea usanifu majengo. Nimepata MacBook Air mbili za 2020, bei karibu sawa. Moja ni Intel i7, nyingine ni M1, prosesa ya Apple wenyewe. Ya i7 ina feni, ya M1 haina kabisa. Na joto la huku unalijua. Si yenye feni ndo itapoa?

JIBU: Poa sana. Swali lako zuri kwa sababu jibu linaonekana liko wazi kumbe siyo. Chukua M1.

Air ya Intel ya mwaka 2020 ina feni, ndiyo, lakini ukiifungua hakuna bomba la shaba linalounganisha prosesa na hiyo feni. Prosesa ina kibati chake cha kutolea joto huku, feni iko kule, inachofanya ni kuvuta hewa ndani ya laptopu ipite pite. Ukiiweka i7 ya kori 4 hapo inapanda digrii haraka sana, na kelele unazisikia. M1 ilitangazwa Novemba mwaka huo huo, kori 8, nne za nguvu na nne za kubana matumizi, na kwa kazi ile ile inakula umeme kidogo hadi Apple wakaona feni waitoe tu. Ukiibana kwa nusu saa mfululizo, tuseme unarenda jengo (unatengeneza picha yake kamili), nayo itashusha spidi, chuma chote kitakuwa cha moto, lakini hiyo spidi iliyoshuka bado inaishinda i7 ikiwa na nguvu zake zote.

Kingine, macOS 26, mfumo wa Mac wa mwaka 2025, haiingii kwenye Air yoyote ya Intel. Ila kabla hujalipa uliza programu zako za chuo, Revit, programu ya kuchorea majengo, haina toleo la Mac, na kwenye M1 huwezi kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp kama ilivyokuwa kwenye Intel. Kama mwalimu wako anadai Revit basi nenda kwenye Windows, hizi mbili zote ziache. RAM yake nayo haiongezeki, kwa usanifu majengo tafuta ya 16.

SWALI: Fundi nafunika tu laptopu naiweka kwenye begi, nikifika ofisini naikuta ya moto kama pasi na chaji imebaki asilimia 20. Ni prosesa mbovu?

JIBU: Hapana. Ukifunika laptopu hizi nyembamba za siku hizi mara nyingi hazilali kabisa, zinasinzia kama simu, intaneti ikiingia zinaamka kupakua masasisho, ziko ndani ya begi hakuna hewa. Mimi iliwahi kunitokea kwenye basi la Dodoma, nilidhani begi linaungua, abiria wa pembeni akanihamia siti. Ingia kwenye setingi za umeme, pale pa "nikifunika" weka haibaneti (inahifadhi kazi yako halafu inajizima) badala ya kulala. Itachelewa kuamka sekunde kadhaa, basi.

SWALI: Nimeona digrii 96 kwenye HWiNFO. Nizime?

JIBU: Ilikaa 96 au iligusa tu? Prosesa nyingi za Intel za laptopu mwisho wake ni 100, ikifika hapo inajipunguza yenyewe, na ikizidi sana inajizima, haisubiri wewe. Kugusa 96 wakati unafungua programu nzito ni kawaida kwa nyembamba. Ikikaa hapo saa nzima na wewe unaandika barua tu, hapo kuna vumbi au feni imekufa. Weka sikio pembeni ya matundu, ukisikia kimya kabisa na ina joto hilo, izime sasa hivi uilete.