Usiandike "hakuna utafiti" kabla hujatafuta kwa majina ya enzi hizo

Mkuu simama hapo hapo, hiyo sentensi usiipeleke kwa supavaiza. Umesema unaandikia mwanzo wa Ukatoliki kusini mwa Ziwa Viktoria, umeingia JSTOR, ile maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ukaandika "history of the Catholic Church in Mwanza Tanzania", imekuletea makorokoro, sasa unataka kuweka kwenye andiko lako kwamba hakuna utafiti uliofanyika. Halafu ndo unauliza databesi gani nyingine zipo, unaingiaje ukiwa nyumbani Buhongwa, na tanbihi zinaandikwaje. Hayo yasubiri kwanza. Hiyo sentensi imenila ada ya semesta nzima.

Mi nilidanganywa na jamaa wa steshenari jirani na chuo, hawa wanaojiita wataalamu wa risachi, anachapa, anabaindi, na sura ya pili anakuandikia ukimpa hela. Akanifungulia Atla, ile databesi ya dini na teolojia ambayo vyuo vingi wanaipata kupitia tovuti ya EBSCO, akatiki kakisanduku ka "makala kamili tu", akaandika Mwanza, Tanzania, church, akabonyeza. Hakuna kitu. Akanigeukia kwa madaha kabisa, "bosi, umepata pengo la utafiti, hii ni A." Pengo! Nikamlipa na soda juu.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje, padri mmoja mpole sana, akatoa karatasi ameorodhesha makala kwa mkono, nyingine za Kiingereza nyingine za Kifaransa, akaniuliza taratibu, "hizi uliziona?" Jasho lilinitoka mpaka kwenye tai na tai yenyewe ya kuazima. Sura ya pili ikafutwa yote, ya kwanza ikaifuata maana tatizo zima la utafiti nilikuwa nimelijenga juu ya hilo pengo hewa, mahafali nikayaangalia kwenye stetasi za wenzangu. Na yule jamaa nilipomrudia ananiambia "labda mtandao ulikuwa chini siku ile". Aisee.

Sasa sikia. Databesi inalinganisha maneno tu, haijui historia. Tena Atla kwa kawaida inatafuta kwenye kichwa cha makala, mada na ikisiri, haichimbi maandishi ya ndani kama JSTOR, kwa hiyo neno likikosekana hapo juu umeikosa makala nzima. Na wale mapadri wamisionari wa kwanza walipoweka kituo Bukumbi, huku kusini mwa ziwa, mwaka 1883 Tanzania ilikuwa wapi? Jina lenyewe limekuja 1964! Kituo walikiita Kamoga. Eneo lao la kimisionari liliitwa Victoria Nyanza, 1894 likagawanywa na huku kwetu kukawa Southern Victoria Nyanza chini ya Askofu Hirth hadi 1912, vikarieti (eneo la kanisa ambalo bado halijawa jimbo kamili) yenye jina la Mwanza imekuja 1929. Nchi nayo German East Africa, baadaye Tanganyika. Shirika la hao mapadri ni White Fathers, kwa Kifaransa Pères Blancs. Wewe unaandika Mwanza Tanzania, ni sawa na kwenda Sengerema kumuulizia mzee kwa jina la NIDA wakati kijiji kizima kinamjua kwa jina la ngoma.

Andika hivi, na mabano na alama za kunukuu usiache hata moja:

("White Fathers" OR "Pères Blancs") AND (Nyanza OR Kamoga OR Bukumbi OR Tanganyika)

Ikikuletea makala moja nzuri, usikimbilie kuipakua. Angalia pale chini kwenye mada walizoipachika wakutubi, bonyeza hizo hizo zikupeleke kwa ndugu zake. Kule ndo nilikuja kukuta karibu orodha yote ya yule padri, nimekaa maktaba naguna peke yangu kama mgonjwa.

Na hicho kisanduku cha makala kamili KITOE. Kinakufichia kila kitu ambacho databesi ina taarifa zake tu bila makala yenyewe, na kwenye Atla hivyo ni vingi mno. Kutokuwepo PDF siyo kutokuwepo makala. Chukua jina la jarida, mwaka na kurasa, kaitafute JSTOR kwa akaunti ya bure, wanaruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni hata ukiwa kitandani. Ila majarida mengi humo hayana toleo za miaka ya karibuni, kwa hiyo JSTOR ikikosa napo usianze kushangilia pengo. Mpelekee mkutubi hizo taarifa, kazi yake hiyo, na hataki soda.

Kwa hiyo futa ile sentensi sasa hivi, tupia hayo maneno leo usiku bando likiwa rahisi, urudi hapa useme umepata nini. Na kama tayari umeshamlipa mtu akutafutie, naomba asiwe yule wa miwani ya njano.