Ua Moja kwa Asubuhi Moja: Taamuli ya Mapumziko kwa Mkazi wa Mwanza

Kila ninapomshauri mtu apumzishe akili kwa kutazama ua, swali lake la kwanza huwa ni mahali: bustani ataitoa wapi? Hapa Mwanza swali hilo lina msingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jiji imejengwa juu ya vilima vya mawe, na aliyepanga chumba Igogo au Mabatini hana hata kipande cha udongo cha kupanda mche wa waridi. Jibu langu ni kwamba bustani si lazima. Kinachotakiwa ni mmea mmoja unaotoa maua, ulio karibu kiasi cha kufikika kabla ya shughuli za asubuhi kuanza, na ambao ua lake haliishi muda mrefu.

Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza. Ua linalodumu wiki nzima hutazamwa siku ya kwanza, kisha macho hulizoea na kulipita. Hibiskasi nyekundu inayopandwa kandokando ya nyumba nyingi hufunguka asubuhi na kwa kawaida hunyauka baada ya siku moja au mbili. Bamia, iliyo katika ukoo huohuo, hutoa ua la manjano lenye kiini cha rangi ya damu ya mzee, na ifikapo jioni ua hilo huwa limekwisha kujikunja. Ukijua kwamba leo ndiyo siku yake, huna haja ya kujilazimisha kulitazama.

Hata hivyo, mmea ninaoupendekeza kuliko yote kwa watu wa Kanda ya Ziwa ni pamba, nayo pia ni ya ukoo huo. Najua wapo watakaocheka. Tumezoea kuizungumzia pamba kwa kilo na kwa bei ya msimu, na ingawa watafiti wa Ukiriguru, kule Misungwi, wamezalisha mbegu zake kwa miongo mingi, ni nadra kumsikia mtu akilisifu ua lake. Linapofunguka asubuhi ya kwanza huwa jeupe lenye umanjano hafifu. Siku ya pili hugeuka rangi ya waridi inayozidi kukolea, kisha hukauka na kudondoka, likiacha tunda changa ambalo baada ya wiki kadhaa litapasuka na kuonyesha nyuzi. Kwa hiyo katika shina lilelile utaona ua jeupe la leo na ua la waridi la jana, na mwenye subira anaweza kuchagua moja jeupe, akalikaribia kesho yake, na kuona alichokitazama kimekuwa kitu kingine. Katika mashamba yaliyopandwa mvua za vuli, maua hayo huonekana kwa wingi mwanzoni mwa mwaka. Muombe mwenye shamba ruhusa, na umuulize ni lini alipiga dawa ya wadudu, kwani shamba lililopuliziwa karibuni si mahali pa kukaa wala pa kunusa chochote.

Namna ya kukaa ni rahisi. Keti kwenye kigoda, mgongo ukiwa wima bila kukakamaa, na simu uiache ndani, kwa sababu anayepiga picha huanza kulitafutia ua sura nzuri badala ya kuliona. Vuta pumzi kwa pua, kisha uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka huyapunguza mapigo ya moyo. Anza kutazama ukingoni mwa petali, uelekee katikati bila haraka. Kwenye hibiskasi utakuta mhimili mrefu uliozungukwa na vichwa vidogo vya chavua, na ncha yake ikiwa imegawanyika matano. Mawazo ya ada, ya kodi ya nyumba na ya bei ya sato yatakuja. Usigombane nayo, rudi tu kwenye petali ulipoishia. Herbert Benson, daktari wa Harvard aliyeandika kuhusu utulivu wa mwili katika miaka ya 1970, alitilia mkazo mambo hayohayo mawili: kitu kimoja cha kuelekezea akili, na kutoyashughulikia mawazo yanayopita. Yeye alipendekeza dakika 10 hadi 20. Kwa anayeanza, mimi naona 10 zinatosha.

Kung'oa magugu na kumwagilia ni kazi za baadaye. Wengi huharibu mapumziko yao hapo, maana mkono ukishaanza kusafisha, akili nayo hurudi kazini.

Wapo wanaodai kwamba maua yanaponya. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 46 wa Marekani waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, na waliolala mbele ya dirisha lenye miti walitoka hospitalini mapema kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali. Hiyo ilikuwa miti, tena wagonjwa wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo mimi hudai utulivu tu.

Wanaoishi ufukweni wana gugumaji, lenye ua la zambarau hafifu na doa la manjano kwenye petali ya juu. Wavuvi wana kila sababu ya kulichukia, kwa kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limekuwa likiziba mialo na kunasa nyavu. Mimi hulitazama kwa makusudi, kwa sababu taamuli haimdai mtu apende anachokiona. Lakini kaa juu ya mwamba, miguu isiguse maji, kwani kuna kichocho na mamba. Wala usilipeleke nyumbani kulifuga kwenye beseni.

Asiye na shamba wala ufukwe apande bamia kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, kwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu zikipandwa mvua za vuli zinapoanza, maua huanza kuonekana baada ya takriban miezi miwili, kila moja kwa siku yake. Bamia zenyewe zichumwe zikiwa changa, kwani zikiachwa zikakomaa mmea hupunguza kutoa maua mapya.