Udongo Mwekundu Kikuyu, Mweusi Utawala

SWALI: Mwalimu, salamu. Nimejenga nyumba Utawala na haijamaliza miaka mitatu, lakini ukuta wa sebule umepasuka kuanzia dirishani hadi kwenye msingi. Kiangazi ua mzima hujaa nyufa zinazomeza kiganja. Dada yangu anaishi Kikuyu kwenye nyumba kuukuu yenye udongo mwekundu, na kuta zake hazina ufa hata mmoja. Matatu mbili tu na umeshafika kwake. Ardhi inawezaje kubadilika tabia kiasi hicho? *Baba Shiru, Utawala*

JIBU: Pole sana, Baba Shiru. Kabla hujamlaumu fundi, tuanze na jiwe. Tafuta jiwe la kujengea lililokaa nje kwa miaka mingi, ulipasue kwa nyundo. Katikati utaona kijivu kizito, na pembeni ukanda mwembamba wa rangi ya kutu unaomong'onyoka ukiukwangua kwa ukucha. Ukanda huo ni mwanzo wa udongo. Mvua ikipita hewani na ardhini hubeba kaboni dioksidi na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huingia kwenye jiwe na kuyageuza madini yake kuwa udongo wa mfinyanzi, na chuma kilichomo kikapata kutu. Kwako na kwa dada yako mwamba wa chini ni wa volkeno, uliomwagika kama lava mamilioni ya miaka iliyopita. Kilichowatenganisha ni njia ya maji.

Kikuyu iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye mvua nyingi na miteremko. Maji hunyesha, hupenya, huondoka, na yakiondoka huchukua kalsiamu, magnesiamu na silika nyingi. Kinachobaki ni mfinyanzi mtulivu na kutu ya chuma. Ndiyo maana udongo ni mwekundu na wa kina kirefu. Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tumeshuka. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko kwenye mita 1,600 na kidogo, na kutoka hapo ni tambarare mpaka Athi River. Maji yakifika hayana pa kwenda, hivyo yale madini yaliyotoroka mlimani hapa hubaki na kuunda mfinyanzi mweusi, wa aina nyingine. Chembe zake zimepangana kama kurasa za kitabu: maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu hufura, yakikauka, hunywea. Kila msimu wa mvua nyumba yako huinuliwa, na kila kiangazi huachiliwa, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Hakuna saruji inayovumilia hilo kwa muda mrefu.

Kwa anayetaka kujenga sehemu hizi, nasema kwa msisitizo: uchimbe udongo mweusi wote uondoke, ufike kwenye mwamba au maramu ngumu, kisha ujazie mawe na maramu iliyoshindiliwa. Usikubali kuambiwa futi mbili zinatosha kwa sababu jirani alichimba futi mbili. Kwako wewe uliyekwisha kujenga, yazuie maji yasikaribie msingi: weka mifereji ya paa, mwaga sakafu ya saruji yenye mteremko kuzunguka nyumba, na usipande mti mkubwa karibu na ukuta, maana mizizi hunyonya unyevu upande mmoja. Halafu mwite mhandisi aupime ufa huo kabla hujauziba kwa plasta.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Malindi, sasa niko Kayole. Nyumbani tunasema tope linalochafua bahari wakati wa mvua linatoka Nairobi. Ni kweli? *Mwanahawa, Kayole*

JIBU: Ni kweli, Mwanahawa, lakini Nairobi haiko peke yake. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, kulekule Kikuyu, ukapita mjini, ukaingia Mto Athi. Athi huporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, hushuka Ukambani, ukifika Tsavo huitwa Galana, na kwenu ni Sabaki. Tope lake jingi huokotwa njiani, kwenye miteremko ya Machakos na Makueni inayolimwa bila matuta. Huko mwamba ni mkongwe, si wa volkeno. Una kwazi nyingi, yale madini magumu yanayong'aa kama kioo, na kwazi haiozi. Ndiyo mchanga wenyewe. Kwa sababu hiyo Nairobi ina mawe mengi ya kujengea lakini mchanga wetu huletwa na malori kutoka Ukambani.

Katika safari yote hiyo, kinachonistaajabisha zaidi ni mgongo wa Yatta. Takriban miaka milioni 13 iliyopita lava ilitiririka, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ilifuata bonde la mto wa kale, ikaganda humo. Miamba laini ya kandokando ikaliwa na mvua na mito hadi ikashuka chini ya ile lava. Bonde likageuka kuwa mwinuko! Leo ni ukuta wa karibu kilomita 300, na Athi na Galana hupita kando yake, upande wa chini. Ukienda Tsavo Mashariki, tazama ng'ambo ya mto: ule mgongo ulionyooka juu ndio sakafu ya bonde la zamani.

Kwenu Malindi, tope hufuata upepo. Wakati wa kaskazi mkondo hulisukuma kusini, kuelekea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, na matumbawe yakifunikwa na tope hukosa mwanga. Wakati wa kusi hugeukia kaskazini, upande wa Mambrui. Ufuo wa ghuba ya Malindi umesogea baharini kwa sababu ya shehena hiyo.

Dawa yake iko kwenye shamba la Machakos, na wakulima wa huko wanaijua kwa jina la fanya juu: unachimba mfereji kukingama mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua zikipita miaka michache, tuta hujitengeneza lenyewe.