Jibu: Elfu kumi kwa mwezi inaweza kumsaidia nani?

Inasaidia sana, ndugu yangu. Mimi huanzia duka la mtaani: namuuliza mwenye duka nani amekwama kwenye daftari la madeni kwa unga au sukari, nalipa kimyakimya, na mdaiwa hajui ni nani. Heshima yake inabaki. Wodi ya wazazi nako wapo wanaofika bila khanga wala sabuni. Muulize kwanza muuguzi kinachohitajika, maana wengi wanaokwenda kusaidia hubeba biskuti tu.

Mwezi ukiwa huna hata mia, changia damu. Hapa Tanzania, ukiwa na miaka 18 hadi 65, afya njema na uzito usiopungua kilo 50, mwanaume huchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke 4. Kunywa maji na ule kabla ya kwenda. Wanaoisubiri ni kina mama waliovuja damu nyingi wakijifungua, watoto wenye malaria kali, wagonjwa wa selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi). Mara ya kwanza nilimchangia mama yangu mdogo. Siku hizi naenda bila kuitwa.