Maswali yenu: Tunapima mlango wa mto, tunapanda, mbona hatuoni matokeo?

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia jambo moja, watu wa kujitolea wanaoshughulika na pale mto unapoingia baharini, wengine wanapima maji, wengine wanapanda, wengine wanaokota takataka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa maana hiyo kazi nimeifanya miaka mingi na bado naifanya. Nimechukua barua nne, nimezifupisha kidogo.

Dada yangu, salamu. Kikundi chetu tunapima maji mara mbili kwa mwezi, sasa mwaka umepita. Juzi tumepeleka daftari kwa ofisa mmoja akasema bila hata kulifungua kwamba namba za watu wa kujitolea sio sayansi. Wenzangu wamevunjika moyo. Kweli tunapoteza muda? – Mpimaji aliyechoka

Kaka, poleni kwa kweli, na huyo ofisa alikosea, angefungua kwanza ndo aseme. Ila mimi nisingerudi kwake kugombana, ningerudi na daftari ambalo hana pa kulikatalia.

Sikia, maji ya mlango wa mto hayatulii. Saa hii unachota maji ya mto, baada ya masaa machache hapohapo ulipopiga magoti unachota bahari. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji na mto karibu hauna kitu, kwa hiyo mtu akikuta mmeandika chumvi 8 wiki hii na 27 wiki ijayo, halafu hakuna palipoandikwa kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, ilikuwa bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu, yale madogo, atasema kifaa chenu kibovu na hapo hata mimi ningemwelewa. Tena maji ya chumvi ni mazito, yanajipenyeza chini na maji ya mto yasiyo na chumvi yanaelea juu, unaweza kuchota juu ukadhani uko mtoni kumbe mita mbili chini yako ni bahari tupu. Pimeni juu na chini, kila safari, na muandike ipi ni ipi.

Kingine ni saa. Vikundi vingi vinapima saa nne, saa tano asubuhi, jua limeshapanda, kila mtu ameshaamka vizuri. Sasa oksijeni majini inapanda mchana kwa sababu mwani na mimea inaitengeneza kwenye mwanga, usiku utengenezaji unasimama ila kila kiumbe kinaendelea kuvuta, mpaka mwani wenyewe, so chini kabisa inafika alfajiri kabla jua halijachomoza. Mnaweza mkapima saa sita mchana mwaka mzima mkaona maji mazuri, miligramu 7, miligramu 8 kwa lita, huku samaki wanakufa saa kumi na moja alfajiri oksijeni ikiwa chini ya miligramu 2 na nyie hamjui kwa nini. Naomba angalau mara moja kwa mwezi muamke usiku muwe pale kabla ya mapambazuko, hasa miezi ya joto na baada ya mvua kubwa kuleta mbolea na maji machafu kutoka juu, maana hayo ndiyo yanalisha mwani ukajaa kupita kiasi, na ukifa ukaoza oksijeni yote inakwenda na huo uozo.

Na kama oksijeni mnaipima kwa njia ya matone ile ya Winkler, jamani ni njia ya mwaka 1888 na mpaka leo maabara zinaitumia kuhakikisha vifaa vya umeme havidanganyi, kwa hiyo asiwatishe mtu. Shida iko kwenye mkono. Chupa mnaizamisha yote, mnaifunga hukohuko chini ya maji, mkiipindua msione hata kipovu kimoja shingoni, maana kipovu kimoja ni hewa na hewa ni oksijeni ambayo haikuwa ya mto. Mkitia zile kemikali mbili za mwanzo yanajitokeza mawingu ya kahawia, yakibaki meupe ujue oksijeni karibu hakuna. Mnaacha yatuame, mnatia asidi, maji yanakuwa ya njano kama dhahabu, halafu dawa ya kupimia tone kwa tone mpaka njano ipauke, mnatia wanga yanageuka bluu nzito, tena tone kwa tone polepole sana, mpaka bluu inapotea palepale kwenye tone moja. Jumla ya matone mpaka hilo la mwisho ndo inawapa namba yenu. Watu wawili wafanye chupa mbili za maji yaleyale bila kuambiana jibu, zikipishana sana rudieni, na muandike zote mbili hata zile mnazozionea aibu. Mtu anayejua kazi akiona kurasa zenye vipimo viwili viwili, saa, hali ya maji, mvua ya mara ya mwisho, jina la aliyepima na tarehe kemikali zilipofunguliwa, anakaa chini kusoma.

Wala msione kama mnaomba huruma. Kule Marekani shirika la serikali la mazingira, EPA, lilishaandaa mwongozo mzima kwa ajili ya watu wa kujitolea wanaopima milango ya mito. Na usafi wa fukwe unaofanywa sasa karibu dunia nzima ulianzia Texas mwaka 1986, na pale mwanzoni kabisa watu hawakuokota tu, kila kipande kiliandikwa ni nini. Gunia la takataka likishaondoka halikumbukwi na mtu. Ila karatasi inayosema kwenye takataka hizi vizibo vilikuwa vingapi na kamba za nyavu zilikuwa ngapi, hiyo unaweza kuiweka mezani mbele ya anayetengeneza vizibo.

Shikamoo mama. Sisi vijana tulipanda miche mingi sana ya mkoko kwenye tope lililo wazi pale mtoni, picha zikapigwa, watu wakashangilia. Miezi sita baadaye vimebaki vijiti. Tunataka kupanda tena, tufanye nini safari hii tusikosee? – Kijana wa matope

Marahaba mwanangu, na pole, najua ile hali ya kurudi ukakuta vijiti. Usipande tena kwanza. Nisubiri.

Hilo tope lililo wazi, umejiuliza kwa nini liko wazi? Mkoko hauhitaji sana mtu wa kuupanda, mbegu yake inaota ikiwa bado iko juu ya mti, inaning'inia pale ndefu kama penseli nene, ikidondoka inajichoma kwenye tope au inaelea mpaka ipate pa kushika. Kama miti ipo jirani inadondosha mbegu kila mwaka na mahali fulani hapaoti hata mmoja, mahali pale pana sababu, na mara nyingi sana sababu ni maji. Ama ni chini mno, panafunikwa muda mrefu mche unakosa pumzi, ama kuna barabara au tuta limeziba vijito maji ya bahari hayafiki, chumvi inajikusanya udongo unakauka.

Robin Lewis, mtaalamu wa Florida aliyefanya hii kazi miongo mingi, alikuwa anarudia hilohilo, rudisha njia ya maji kwanza, ukifungua tuta mikoko mara nyingi inarudi yenyewe. Alionyesha pia kwamba mikoko iko vizuri pale panapofunikwa na maji kama theluthi ya muda au chini ya hapo. Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 2004 watu walipanda kwa moyo wote, na sehemu nyingi miche ilikufa, sababu kubwa ilikuwa kupanda pasipo pa mkoko. Sio uvivu hata kidogo, walikuwa wamefiwa na walitaka kulinda waliobaki, inaniuma kila nikikumbuka.

Sasa fanya hivi, haina gharama. Siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, watu wawili wenye fimbo zilizowekwa alama za sentimita, mmoja aende asimame kwenye mikoko midogo iliyojiotea yenyewe yenye afya, mwingine asimame pale mlipopanda, mpigiane simu, msome kina cha maji dakika ileile. Kama kwa mwenzako maji yamefika gotini na kwako yamefika kiunoni, umeshapata jibu lako, pale hapapandwi, pamekuwa bahari. Hilo tope acheni kwa ndege na kaa, nao ni pao.

Halafu mlipanda aina moja tu, ile yenyewe inayoitwa mkoko, kwa sababu mche wake ni rahisi kuokota na kuchomeka, najua maana karibu kila mtu anafanya hivyo. Lakini miti ya mikoko ina aina nyingi, kule mbele panapopigwa na bahari ni kwa mlilana, mkoko unakuja nyuma yake kwenye vijito, mkandaa unapenda juu zaidi, mchu unavumilia chumvi kali mpaka ukingoni kabisa nchi kavu. Tembeeni msituni na daftari kabla ya jembe, muandike nani anakaa wapi. (Nyie mlioko nchi za baridi hamna mikoko, mna nyasi za kwenye matope ya chumvi, ila kanuni ya urefu wa maji ni ileile.)

Na mkishapanda, au mkishafungua kijito, wekeni viboksi vya mita tano kwa tano vyenye nguzo, hesabuni kilichomo kila miezi mitatu, mzima, mgonjwa, aliyekufa, na iliyojiotea yenyewe mkiihesabu pembeni kwa safu yake. Hiyo safu ya waliojiotea ndo mimi huwa nakimbilia kuisoma kwanza. Picha ipigwe kutoka nguzo ileile ikitazama upande uleule, sio picha ya watu.

Dada, tulianza watu thelathini, tumebaki saba. Tufunge kikundi? – Katibu

Saba wanatosha kabisa! Kituo kimoja cha kupimia kinahitaji watu wawili au watatu, nyie mna vituo viwili vizuri, punguzeni vituo msipunguze ratiba. Vituo sita vyenye mapengo kila baada ya miezi michache vinasumbua kusoma kuliko kimoja kisichoruka.

Ila na wewe katibu jiulize, wale ishirini na tatu waliwahi kuona namba zao zimesema nini? Watu wengi wanaondoka kwa sababu wanachota, wanajaza fomu, fomu inaingia kwenye kabati, basi. Chora mstari wa mwaka mzima wa oksijeni au chumvi kwenye karatasi kubwa, weka alama siku mvua kubwa iliponyesha, ubandike mnapokutania na utume kwenye grupu la WhatsApp. Mtu akiona ile shimo kwenye mstari na akakumbuka ile asubuhi yeye ndo alikuwa ameshika chupa, anarudi, nimewaona wakirudi.

Mwalimu wa watoto wa miaka kumi na kumi na moja hapa. Naweza kuwaleta? Waanze na nini? – Mwalimu

Walete mwalimu wangu, lakini ukiwa na ratiba ya maji mfukoni, waende maji yakiwa yanakupwa na watoke kabla hayajaanza kurudi, maana mlango wa mto unakujazia kijito cha nyuma yako wakati wewe unatazama mbele. Viatu vilivyofungwa vizuri, mtu mzima mmoja kwa watoto wachache, na siku za baada ya mvua kubwa msiguse maji, kinyesi cha juu kote kinashuka.

Kifaa chao ni diski ya Secchi, ya kupimia maji yalivyo angavu. Padri mmoja wa Italia mtaalamu wa nyota, Angelo Secchi, ndiye aliyeijaribu baharini mwaka 1865 na haijazeeka. Diski ya sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe zikipishana, uzito chini, kamba yenye alama. Unaishusha upande wenye kivuli, bila miwani ya jua, mpaka isionekane, unasoma kamba, unaivuta taratibu mpaka ionekane tena, unasoma, unachukua katikati ya hizo mbili. Watoto wanaifanya vizuri kuliko wakubwa kwa kweli, hawana jibu wanalolitaka kichwani. Na ikitokea diski imegusa tope huku bado inaonekana, mtoto atakuuliza aandike ngapi. Aandike kina, na pembeni yake aandike "imegusa chini, bado naiona".