Grinda inayokurukia: tatizo ni ulivyolaza paipu

Mkuu, umesema grinda yako ya inchi 9 inakurukia kila ukikata skwea paipu, na kwamba kava, ile kinga ya chuma inayofunika jiwe, umelitoa ili uone mstari vizuri. Nimefanya kazi za mageti na madirisha ya chuma hapa Dar miaka kumi na minne, na chini ya kidevu nina kovu lililotokana na mambo hayo hayo mawili.

Nilikuwa bado saidia fundi. Tulilaza paipu ya futi 20 juu ya stuli mbili, moja huku na nyingine kule, nikaanza kukata katikati. Jiwe, yaani ile sahani ya kukatia, lilipozama kama nusu, paipu ikaanza kupinda kwa uzito wake yenyewe. Sasa paipu ikishuka katikati, mdomo wa mkato kwa juu unajifunga. Jiwe likabanwa. Mota haijui kwamba jiwe limebanwa, inaendelea kuzungusha, kwa hiyo grinda nzima ndiyo inayoruka kumfuata aliyeishika. Nilisikia "ta!", halafu nikaona matone ya damu kwenye ovaroli, nikadhani ni ya mwenzangu. Jiwe lilikuwa limepasuka na kipande kimenipitia kidevuni. Nyuzi sita. Kava lilikuwa kwenye boksi la spana, tulilitoa wiki ile ile, kwa sababu kama yako.

Kwa hiyo usikate katikati ya stuli mbili. Bana paipu kwenye jiliwa, au kwa klampu mezani, mkato uwe karibu na unapobana, na kipande unachokitoa kining'inie. Kikishuka, mkato unafunguka wenyewe na jiwe linapumua. Kama kipande ni kirefu na kinahitaji mtu wa kukishika, mwambie akishike usawa tu, asikinyanyue. Hapa ndipo saidia wengi wanapokosea, tena kwa nia njema: anaona kinaning'inia, anakuinulia kidogo, na kwa kuinua huko amekubania jiwe.

Kava lirudishe leo. Linazungushika, ulegeze uligeuze hadi likae kati yako na jiwe, mstari utauona bila shida. Wewe mwenyewe simama pembeni kidogo, usisimame kwenye mstari wa jiwe, na mkono wa pili uwe kwenye mpini wa ubavuni muda wote.

Kuhusu mawe: la inchi 9 kwa kawaida limeandikwa kikomo cha mzunguko, kama mara 6,600 kwa dakika. Kwa mzunguko huo ukingo wake unakimbia karibu kilomita 285 kwa saa. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu inazunguka kama 11,000. Sasa fikiria wale wanaotoa kava la ndogo ili waivalishe jiwe kubwa lililobaki, la kikomo cha 6,600, eti lisipotee. Angalia pia ile pete ya chuma katikati ya jiwe, mawe mengi yamepigwa muhuri wa mwezi na mwaka wa mwisho kutumika. Lililoloa au kuangukia sakafuni, tupa, hata kama halionyeshi ufa. Jipya liwashe tupu dakika nzima, ukiwa umelielekeza pasipo na mtu. Na jiwe la kukatia usisagie kwa ubavu, ni jembamba mno kwa kazi hiyo.

Umeuliza kama unaweza kuvalisha msumeno wa meno ukakatia mbao. Hapana, mkuu. Hata kwa kava.

Miwani ya jua si kinga, tafuta ile iliyofunika pembeni. Mikono ya shati ifungwe vifungo.

Jambo la mwisho, ambalo sijaona mtu akilitaja hapa: kile kitufe cha kufunga swichi ili usichoke kidole. Unakata, umeme unakatika, unaweka grinda chini, unakwenda kunywa chai. Swichi bado imefungwa. Umeme ukirudi, grinda inaanza kucheza peke yake sakafuni. Siku hizi umeme ukikatika tu, kitu cha kwanza nachomoa plagi. Ile ya kwetu ilizunguka karakana mpaka ikakata waya wake yenyewe.